Kwa Nini Nilikukataza Kuja Kumzika Baba

Kwako Naserian, mtoto wangu wa kwanza,

Jana wageni wa mwisho wa upande wa baba yako walirudi kwao Kajiado mjini. Leo nimefagia uwanja, nikakaa. Nimechoka mpaka kwa mifupa. Simu zangu hushiki, kwa hivyo naandika.

Unakumbuka ulivyoanza Kifaransa? Ulikuwa umepita vizuri shuleni, na sisi hatukuwa na uwezo wa kukusomesha udaktari. Mwalimu wako akasikia kuna ufadhili huko Dakar kwa wanafunzi wa udaktari, ila lazima mtu awe anajua Kifaransa. Ukawa unashinda kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani hapa Noonkopir. Yeye anasuka wateja, wewe umekaa chini unarudia maneno. "Sema tena, hapana ogopa," alikuwa akikwambia. Ulianguka mtihani wa kwanza, ukalia, na kesho yake ukarudi kwake. Baba yako akitoka kwa ng'ombe unamwamkia "Bonjour," naye anakuitikia "Ipa," kana kwamba umemsalimia kwa Kimaasai. Tulicheka sana siku hizo.

Ulipopata nafasi, baba yako aliuza fahali wake upate nauli. Sikumsikia akinung'unika.

Halafu figo zake zikaanza kukataa. Kila Jumapili ulikuwa ukitueleza dawa zake, na yeye alipenda kukusikiliza hata asipoelewa. Alipozidiwa, ukasema unakuja. Lakini mitihani ilikuwa imeanza, na anayekosa bila ruhusa hukatiwa ufadhili. Uliomba ruhusa, chuo hakikukujibu. Ulipopiga kuniambia hivyo, nilikuwa nimeweka simu kwa spika kando ya kitanda chake, nikidhani amelala.

"Mwambie asikuje," akasema polepole. "Nikiwa hai ama nisipokuwa, asikuje."

Mimi ndiye niliyekwambia, "Umemsikia baba yako. Kaa huko." Asubuhi akatuacha.

Siku ya mazishi, baba yako mdogo aliuliza mbele ya watu, "Mtoto wa kwanza ako wapi? Ni masomo gani hiyo inakataza mtu kuzika babake?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikasema, "Nimemkataza mimi. Mkitaka kukasirika, nikasirikieni mimi."

Baadaye baba yako mdogo aliniletea kikombe cha maziwa, akakaa karibu nami mpaka watu wakaanza kutawanyika.

Sasa leo asubuhi umeniandikia: "Mama, umeninyima babangu. Narudi nyumbani, udaktari basi."

Ni kweli, mwanangu. Nilikunyima. Najiambia ungekuja ungemkuta ameshaenda, kisha urudi Dakar ukute mlango umefungwa. Najiambia hivyo nikipika, nikifua, na bado moyo hautulii. Sijui kama tulifanya vizuri. Najua tu kwamba yeye alitaka hivyo, na kwamba mdomo uliokuambia ulikuwa wangu.

Lakini usirudi sasa. Umebakisha mtihani mmoja. Uufanye kwanza. Halafu njoo likizo. Baba yako mdogo amesema atakupeleka kaburini yeye mwenyewe. Na mimi nitakuwa hapa. Useme yote uliyo nayo juu yangu, uso kwa uso, nami nitakusikiliza mpaka umalize.

Kula kitu kabla hujalala.

Ni mimi,
Mama yako