Tarumbeta Lisilovuta Pumzi

3 Machi
Baba,
Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima kama chuma, na bahati imenikalia mabegani haitaki kushuka. Studio yangu sasa ina wapuliza tarumbeta wanne, wanaume wa vitambi; wakipuliza, ukuta unatoa vumbi! Wimbo unapigwa redioni, usikilize. Uliomba nafasi ya kupuliza nao. Samahani mzee wangu, viti vimejaa.
Mwanao

19 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Kifua kibovu, masikio mazima, na hapo ndipo umeumia. Hao wanne wako wanapumulia wapi? Nimehesabu mpaka vidole vimeniishia, hakuna aliyevuta pumzi. Nimepuliza jukwaani miaka thelathini; mtu asiyevuta pumzi huwa anazikwa. Tena wanaanza wote pamoja kama mlango unaobamizwa. Wanne wa kweli, lazima mmoja achelewe. Usinifanye mjinga.
Baba yako

2 Aprili
Baba,
Shikamoo. Wiki jana nilipokuja kukuuguza ulinipa mgongo siku tatu, basi nakujibu kwa karatasi. Hujawahi kusifu kitu changu hata siku moja! Haya, nimewarekodi upya. Mmoja anachelewa, mwingine sauti inapinda kidogo, mwangwi wa ukumbi upo, na pumzi wanavuta mpaka unazisikia. Sikiliza Ijumaa saa kumi, halafu uniombe radhi.
Mwanao

11 Aprili
Wewe,
Salamu baadaye. Pumzi nimezisikia. Mwishoni zina mluzi, fiii, kama birika. Mluzi huo naujua, nalala nao. Ni kifua changu! Uliacha simu kando ya mto wangu ukasema unaangalia saa. Kumbe kifua changu kimepata kiti, mwenyewe nimekosa? Nitajie mmoja wa hao wanne. Mmoja tu.
Baba

28 Aprili
Baba,
Shikamoo. Nimechana barua tatu kabla ya hii. Wanne hakuna. Hata mmoja hakuna. Niko mimi, kinanda chenye kitufe cha tarumbeta, na kompyuta ninayoihangaisha sauti ipate utu. Kila pumzi niliyotengeneza ilikuwa kama baiskeli inayojazwa upepo. Yako ndiyo iliyokaa. Niliiba. Kiti ni kimoja, nimekikalia mimi. Ulinifundisha kupuliza nikaacha, nikaona aibu uje unikute nabonyeza. Ile bahati niliyokuandikia, nilidanganya.
Mwanao