Mgeni Aliyekuja na Hati za Shamba Letu

Bi. Concepta mpendwa, nisaidie katika safu yako ya ushauri gazetini, maana nimewaudhi wote nyumbani na bado naona mimi ndiye niliyeonewa. Naishi na Mama hapa Leitrim, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu zangu wamehamia mijini, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayemwogesha, ninayempa dawa na kumpeleka misa, na silalamiki, lakini kiangazi hiki alitujia mwanamke kutoka Pennsylvania, Marlene Mulvey, jina la ukoo wa Mama, akiwa na nakala ya hati ya shamba letu aliyoipata ofisi ya hati Dublin. Unazijua hati hizo, zamani mtu alikodishwa shamba kwa muda wote watakaoishi watu watatu waliotajwa, kwa hiyo majina ya watoto huwa yamo, na humo Marlene alimkuta Thady Mulvey, babu wa babu yake Mama, na mwanawe Owen, akasema huyo Owen ndiye aliyevuka bahari akaanzisha ukoo wao.

Mama akamfungulia chumba ambacho hata padri hajawahi kulala humo. Kila asubuhi Marlene anauliza nani alilima wapi, nani alimwoa nani, na Mama, ambaye mimi hunijibu ndiyo na hapana tu, anasimulia mpaka chai inapoa. Nikiwa mlangoni nilisikia kwamba babu yangu alikuwa mpiga fidla wa harusini, jambo ambalo sijapata kuambiwa maisha yangu yote, na siku Mama alipomwita yule mwanamke "mwanangu" moyo uliniwaka moto.

Nikasingizia kuumwa jino, nikapanda basi kwenda Dublin, mimi nisiyejali habari za mababu, nikafunua mavitabu mazito hadi nikaikuta hati ya baadaye, Peter anachukua shamba kwa kuwa kaka yake Owen amefia hapahapa bila mke wala mtoto. Nilitabasamu peke yangu njia nzima.

Jumapili, kaka yangu Fintan na mkewe wakiwa mezani, nilingoja Mama amwongezee Marlene viazi, ndipo nikaiweka nakala kando ya sahani yake.

"Owen wetu alikufa kapera," nikasema. "Wewe si wetu."

Alisoma, uso ukamwiva, akaomba radhi kwa usumbufu, na jioni akahamia nyumba ya wageni mjini. Nilipomwambia Mama kwamba nimesema kweli tu, alinijibu taratibu.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Baba yangu alishanisimulia habari za Owen. Lakini yule huniuliza, Dympna. Wewe huniulizi kitu ila kama nimemeza vidonge."

Tangu hapo hatusemezani. Je, niombe radhi kwa kusema kweli?

Dympna, Leitrim

*

Dympna, pole. Kumhudumia mzazi peke yako kunachosha, na kumwona mgeni akipewa simulizi unazozitamani kunauma. Ungeniandikia siku ile ya "mwanangu", ningekuliwaza. Wewe ulipanda basi.

Sasa acha kujificha nyuma ya ukweli. Mtu anayejali ukweli angemwita Marlene jikoni, mkawa wawili. Ulingoja viazi na mashahidi. Yule mgeni wa watu amekosea kama wengi wanavyokosea, kwani akina Owen Mulvey walijaa parokia zote za huko kwenu, na hakukunyang'anya chochote. Alikaa kwenye kiti ulichokiacha wazi.

Nenda nyumba ya wageni wewe mwenyewe, usimtume Fintan. Mwombe radhi bila kuongeza "lakini". Mwambie umeshajua kuyasoma yale mavitabu na utamsaidia kumtafuta Owen wake, kisha mrudishe nyumbani kwa chai.

Halafu mpigie Fintan. Yeye na mkewe wana mikono, waje wamwogeshe Mama mara mojamoja. Umekuwa muuguzi kiasi cha kusahau kwamba u mtoto wake.

Siku hizo keti naye, uulize. Usianze na mababu. Muulize yeye alimpenda nani kabla ya baba yako, alitaka kwenda wapi, kwa nini alibaki. Hakuna hati Dublin yenye majibu hayo. Anayo mtu mmoja tu, ni mzee, naye yuko chumba cha pili kutoka hapo ulipoketi ukinisoma.