Ukingo wa Picha ya Mfalme

Nakivubo, Kampala

Mama yangu,

Shikamoo. Goti la kushoto linasemaje? Na usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako, maana mdogo wangu Wakesho ameshakuchongea kwangu kwamba unapanda kanisani kwa kushikilia ua wa jirani. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua inanyesha kila mchana, mtaro wa mbele ya duka unafurika, na tunashinda tukipandisha fremu juu ya meza zisilowe. Moyo ndio hauko sawa, ndiyo sababu naandika badala ya kupiga. Kwa simu ungenikatia kabla sijafika katikati, nakujua.

Ndani ya kifurushi hiki imo picha ya Baba uliyonitumia niitie fremu kwa ajili ya ibada yake ya mwaka. Najua ndiyo picha yake pekee tuliyo nayo, nami nimeishika kama yai. Uliniagiza nimkate kaka Danieli, abaki Baba peke yake. Mama, nisikilize kwanza habari ya mteja wangu mmoja, halafu unigombeze.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka nyumba za reli kule Nsambya. Wanamwita Nalongo, ndivyo hapa wanavyomheshimu mwanamke aliyezaa pacha. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa historia, akamwachia picha nne za kuchapwa za Waingereza wa kale, enzi za panga na farasi. Fremu zote zimeliwa na mchwa. Ungeziona ungecheka! Kuna mfalme kazungukwa na mabwana wakubwa kando ya mto, wanamlazimisha apige mhuri kwenye karatasi, uso kaukunja kama Baba akinyweshwa kwinini. Kuna askofu anauawa mbele ya madhabahu, na kuna vita, watu wamevaa chuma mpaka puani. Ya nne ndiyo iliyoniponza. Mfalme ameanguka chini kutoka kwenye kiti chake, ameletewa habari kwamba mwanawe amezama na meli. Mwenye duka letu, Mzee Salimu, ambaye mababu zake walifika hapa na biashara kutoka pwani, aliniambia kwamba mfalme huyo, wanavyosimulia, hakucheka tena mpaka akafa.

Sasa kazi yetu unaijua. Tuna fremu za saizi zilizokwisha kuungwa, na picha isipoenea tunaikata kingo. Ukingo mweupe ni karatasi tu, hakuna anayeulilia. Kwenye ile ya nne niliona maandishi ya penseli yamefifia chini, nikadhani ni uchafu wa wanafunzi. Nikaweka rula, nikapitisha wembe, nikafagia. Nilijiona fundi kwelikweli, hata mluzi nikapiga.

Nalongo alipokuja kuchukua, hakumtazama yule mfalme hata kidogo. Aliisogeza fremu machoni, akapitisha kidole chini ya kioo, kushoto mpaka kulia.

"Nyabo," akaniambia, ndiyo "bibi" kwa lugha yao, "ile maneno ya bwana yangu iko wapi?"

"Maneno gani, Nalongo?"

"Ile aliandika hapa chini. Kato yetu, ule pacha wa pili, alikufa kwa maji, kule ziwani. Bwana hakulia. Hakusema hata jina yake tena mpaka Mungu akamuchukua. Aliandika tu hapa, 'Kato, leo naelewa huyu mfalme.' Mimi nasomanga kila asubuhi."

Nilikimbilia gunia la takataka nyuma ya duka, kumbe lilichukuliwa jana yake. Nikamwaga hata boksi la vumbi la mbao, nikapekua, Mzee Salimu naye akapiga magoti na kanzu yake nyeupe. Wapi! Nikarudi mikono mitupu, nikashindwa kuinua uso. Laiti angenitukana. Alisema tu, "Bambi, mwanangu, hukujua," akanipangusa vumbi shavuni, akaifunga picha kwenye kitenge chake, akaondoka. Hilo "bambi" ndilo neno lao la kumwonea mtu huruma. Yaani alinihurumia mimi! Siku hiyo nililia kuliko nilivyolia kwenye kaburi la Baba, na naona haya kukuambia hivyo.

Kesho yake ndipo nikaitoa picha ya Baba, nikaweka rula. Baba amekaa kwenye kile kiti cha kamba, na koti lake la Krismasi. Danieli amesimama nyuma. Sijui kama uliwahi kuliona hili: vidole vinne vya Danieli vimelala begani kwa Baba. Nikimkata Danieli, vidole vinabaki. Nikitaka vidole vitoke, bega la Baba linakwenda navyo. Na Baba mwenyewe ameinamisha kichwa upande ule, shavu karibu liguse ule mkono.

Najua alichofanya Danieli. Alikuwa Voi, saa moja tu kwa gari kutoka hapo nyumbani, na hakuja kumtupia baba yake udongo. Mimi pia nina hasira naye, mwaka mzima simu zake sikupokea. Lakini hata mimi nilifika kaburi limeshafunikwa, maua yamenyauka, na hukuniambia nijikate kwenye picha yoyote. Ulinipikia uji.

Jumapili Danieli alipiga, nikapokea. Halafu akauliza kama Baba alimtaja kabla ya kufa. Nikamwambia sijui, na ndio ukweli. Wewe unajua, Mama. Wewe ndiye uliyekuwa kando ya kitanda chake. Kama kuna neno Baba aliliacha, mpe mwenyewe. Mimi nimeshatupa maneno ya marehemu mara moja, sitaki tena.

Nisalimie Wakesho, mdogo wangu mchongezi, na umwambie asikuache upande mlima peke yako. Msalimie mjomba aliyechimba kaburi wakati sisi watoto hatukuwepo, na mama mchungaji aliyelala nawe siku zile za matanga. Baba naye, ukipita kaburini, mwambie nimemkumbuka.

Picha nimeitia fremu ikiwa nzima, sikukata hata uzi. Ila ubao wa nyuma nimeufunga kwa kamba tu. Ukitaka kumtoa Danieli, fungua, umkate kwa mkono wako, maana wangu umekataa. Misumari midogo sita ya ubao huo iko ndani ya bahasha hii. Ukiamua abaki, usiipigilie wewe wala Wakesho. Mwite Danieli kutoka Voi, umpe nyundo.

Ni mimi mwanao,
Mkamburi