Turubai la Evelyne

Kibeta, Bukoba
9 Aprili

Mdogo wangu mpendwa Damian,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Goziba, wewe na wanafunzi wako, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi nyumbani hatujambo. Mama siku hizi anatembea bila fimbo, na migomba ya upande wa barabara imeanza kuchipua tena. Barua nampa mwalimu mwenzako anayerudi na boti kesho. Kwa simu nilijaribu kukueleza haya mara mbili, nikaishia kukuuliza habari za dagaa.

Unajua kwamba tangu Baba afariki miaka tisa iliyopita, chochote cha kupandwa katika kibanja hiki Mama alikuwa akiniuliza mimi. Mkeo Evelyne alipokuja kutoka Makete nilimpokea vizuri. Kisha akaanzisha kitalu cha miche ya kahawa nyuma ya jiko. Alikunja fito zikawa matao, akaweka turubai la kufunika na kufunua. Alimweleza Mama kwamba kwao kuna jalidi, baridi inayogandisha umande hadi majani ya viazi yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto, ndiyo maana wanafunika jioni na kufunua jua likipanda. Nikasema huku kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Akanijibu kwa upole, "Lakini mvua ya mawe ipo, wifi." Mama akacheka, akasema huyu ana akili ya shamba. Mimi miaka tisa sijaambiwa neno hilo.

Wanawake wa Hamugembe wakaanza kuja kutazama. Mama aliwapitisha kando ya nyanya zangu bila kusimama, akisema "mwanangu Evelyne hiki, mwanangu Evelyne kile," nami nipo palepale na jembe mkononi. Nilifika mahali hata mkeo akipika ndizi zikaiva vizuri, roho inaniuma.

Uliambiwa kwamba siku ya mvua ya mawe mkeo alikwenda kliniki mjini bila kumwachia mtu maagizo, na katika miche mia sita ikapona arobaini tu. Mama alikueleza hivyo kwa sababu mimi nilimwambia hivyo. Najua ulimpigia mkeo ukamwambia maneno makali, na hii ni wiki ya tatu hujampigia tena. Namwona anavyoiweka simu juu ya kabati, kisha anairudia.

Damian, maagizo aliniachia. Alinionyesha hata mawe ya kukandamizia pembe za turubai. Wingu lilipotanda juu ya ziwa nililiona, na Mama alikuwa kanisani. Nilichukua lile turubai nikafunika nyanya zangu. Nilisimama mlangoni nikasikiliza mawe yakiipiga miche yake, na nisikufiche, sikuona huruma. Nilitaka apungue machoni pa Mama. Mvua ilipokatika nililikunja nikalirudisha mahali pake.

Kesho yake mkeo alilikunjua ili alianike. Ndani yake lilikuwa limenasa jani la nyanya. Alilibandua, akaniangalia, akalitupa kwenye nyasi, kisha akaniuliza kama chai imebaki. Hakumwambia Mama. Hata wewe ulipomgombeza hakukwambia, nilikuwa chumba cha pili nasikia. Hata kwa ukimya huo nimemwonea wivu, kwa maana mimi nisingeuweza.

Jana nilimweleza Mama yote, mkeo akiwepo. Mama akasema nizing'oe nyanya, kitalu kipanuliwe hadi pale. Mkeo akasema ziachwe zivunwe kwanza. Leo asubuhi tumejaza udongo pamoja kwenye viriba vya miche mipya.

Mpigie mkeo, umwombe radhi. Kutoka kliniki alikokwenda siku ile ana habari ya kukueleza mwenyewe, nami sitamnyang'anya na hiyo.

Mama anakusalimu, na jirani yetu Byarugaba pia. Uwasalimu walimu wote. Ukiona nastahili jibu, nitalipokea lolote litakalokuwa.

Ni mimi dada yako,
Annastella