Kichwa Namba 214

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, kazini huitwa Mama Picha. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa mashine ya kupiga picha za ubongo. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali.

Mtuhumiwa ni kaka yangu, dereva wa gari la kuinua mizigo ghalani. Anadaiwa kumgonga karani wa ghala kwa gari hilo na kumvunja mguu, akiwa amelewa. Kaka yangu hanywi pombe.

Hospitalini tunapiga picha za ubongo za maelfu ya watu, kisha kompyuta inazilinganisha ili ioneshe ugonjwa unavyoanza. Wazima nao wanahitajika, wa kulinganishia.

Mnamo tarehe 14 Machi mwaka jana, saa nne asubuhi, kaka alikuja kujitolea. Fomu inataka mtu atembezwe kwanza juu ya mstari wa sakafuni, ionekane kama anayumba. Mimi nilimsalimu tu, "Kaka, u mzima?" Akajibu, "Mzima wa afya, labda iumwe hiyo mashine yako." Nikacheka, nikaandika: mzima. Sikumtembeza. Jina likaondolewa, akapewa namba.

Mnamo tarehe 2 Juni, saa nane mchana, kompyuta ilikataa picha moja ya wazima, namba 214. Ubongo ulikuwa umesinyaa kisogoni, panaposhika mizani ya mwili. Nikamwita Profesa, mkuu wa utafiti huo. Hakuketi hata kidogo.

"Huyu anatuharibia wastani. Futa."

"Huenda anaumwa, Profesa."

"Si ameandikwa mzima? Na mwandiko ni wako, Mama Picha."

Nikafuta. Kidole ni changu, sikatai.

Miezi iliyofuata kaka alianza kuyumba na kuburuta maneno. Nyumbani tulimtania, tukamwita Mlevi wa Maji. Nilicheka kuliko wote, mimi ambaye kazi yangu ni kuutafuta ugonjwa huo.

Juzi, baada ya ajali, nilifungua daftari la namba na majina yake, kabatini kwa Profesa. 214 ni kaka. Nilimwomba Profesa aje hapa kituoni aseme. Alinijibu kwamba utafiti umeshasifiwa, nisiutie doa. Sijawahi kumchukia mtu hivyo, ila najichukia zaidi.

Mpelekeni akapimwe. Msimwite mlevi.

Niliyoyaeleza nimeyaona, na mengine nimeyatenda mwenyewe.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Ameomba neno "mzima" lifutwe. Nimemweleza kwamba hapa kituoni hatufuti. Neno hukatwa kwa mstari mmoja na kusainiwa pembeni, ili lililokatwa liendelee kusomeka. Akaomba kalamu.