Sweta la Mkono Mmoja

Ni mwaka mmoja sasa tangu uinuke kwenye kile kiti cha plastiki, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo, na usirudi. Umejinyoosha vya kutosha, baba watoto. Sisi huku tumechoka kukungoja.

Machozi tuliyamaliza mapema. Kilichobaki ni uchovu, ule wa mtu anayerudi kazini akakuta sufuria zinamsubiri. Unaujua. Uliuona usoni kwangu kila jioni nilipotoka kufua mashuka ya hospitali, na neno lako lilikuwa moja: "Kaa kwanza. Dunia haikimbii." Kweli haikukimbia. Aliyekimbia ni wewe.

Wateja wako bado wanakuja. Majuzi bwana mmoja alipiga hodi akiulizia geti lake lenye maua. Binti yako mkubwa akamwambia fundi alishafariki. Yule bwana akavua kofia, akasikitika, akatupa pole kwa heshima zote, kisha akauliza taratibu: "Na maua alikuwa ameshayachomelea?" Tulicheka mpaka mama yako akatoka chumbani kuuliza nani amekuja. Kinyago chako cha kuchomelea bado kiko msumarini pale pale, kinatutazama tukila.

Wengi wanaosoma hapa wanakujua kwa mageti. Ni wachache wanaojua kwamba ulikuwa ukifuma masweta, na wewe hukuwahi kuona haya kusema. Yote yalianza ule mwaka mwali wa kuchomelea ulipokuchoma macho, ukawekwa chumbani mapazia yamefungwa, ukawa unalalamika kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Mama yako akachoka kukusikiliza, akakupachika sindano mbili na uzi mikononi. "Fuma," alikwambia. "Macho hayahitajiki, kinachohitajika ni kunyamaza." Ukajifunza gizani kwa ncha za vidole. Macho yakapona, sindano hukuziacha tena.

Ndiyo maana uliweza kufuma huku unatazama mpira, huku unazozana na mimi, hata kwenye foleni ya benki. Vidole vyako vilikuwa na makovu ya cheche, vinakwaruza kama msumeno, na bado vitanzi vyako vya uzi vilitoka sawasawa vyote. Wenzako wakakuita Rula.

Hao wenzako nao tuwaseme. Kila Jumamosi kinyozi alipofunga duka, mlikutana chumba chake cha nyuma, mkaketi chini ya kile kioo kikubwa. Daktari wa meno, mama mwenye sauti ndogo, alikaza uzi kama anang'oa gego. Kofia aliyomfumia mwanawe ilibidi ipakwe sabuni ndiyo ivuke masikio. Dereva wa lori alikuwa kinyume chake, vitanzi vyake vinapitisha kidole. "Ninaacha nafasi," alisema, "barabarani ukibana sana unagonga." Karani wa mahakama alihesabu kwa sauti, na mtu akiruka kitanzi alimsomea shtaka. Kinyozi alikuwa akisimama kila baada ya mistari michache, anainua kazi yake kwenye kioo aione kwa nyuma, kama anayemwonyesha mteja kisogo.

Humo ndani hapakuwa na daktari wala dereva. Palikuwa na waliokaza na waliolegeza. Siku moja nilipita kukuletea ufunguo, nikawakuta watu wazima watano mmeinamia soksi moja, mnabishana kisigino kianzie wapi. Nikawauliza kama mgonjwa ataishi. Karani akajibu bila kuinua kichwa, "Shemeji, tafadhali, kesi inaendelea."

Kisha maradhi yakaingia. Ukaanza kuuacha mtambo wa kuchomelea, ukabaki na sindano na kile kiti cha plastiki mlangoni. Ukanunua sufu ya kijivu, ukaniambia utanifumia sweta, nisiulize maswali. Mwili wa sweta ukaumaliza. Mkono wa kulia ukaushusha kutoka begani hadi mwisho. Wa kushoto ukafuma mistari michache tu begani, ukaviacha vitanzi juu ya sindano, ukaenda kujinyoosha.

Nililikunja na sindano zake, nikalifungia kabatini.

Baridi ya mwaka huu ilipoanza, wenzako walikuja wote wanne, wamesimama sebuleni kama watu waliokuja kuposa. Kinyozi ndiye aliyesukumwa mbele. "Shemeji," akasema, "tupe tulimalize." Nikakataa. Wakanibembeleza, nikakataa tena. Sikuwaeleza sababu ila wewe nakueleza. Niliona maadamu lile sweta halijaisha, una kazi ya mtu mkononi, na fundi mwenye kazi ya mtu hawezi kwenda mbali.

Aliyenishinda ni mama yako. Hakupaza sauti, alikuwa anamenya kitunguu.

"Mkwe wangu, mwanangu alishawahi kumpa mtu geti la upande mmoja?"

"Hapana, mama."

"Umeficha sweta, na unatetemeka kwa baridi mbele yangu. Hebu niondolee upuuzi."

Nikalitoa. Basi wakaanza kuzozana mkono wa nani utafanana na wako. Wakafanya kama desturi yao: kila mmoja akafuma kipande kidogo cha majaribio, wakavipanga mezani kando ya kazi yako. Cha daktari kiliweza kusimama chenyewe. Cha dereva kilikuwa wavu. Hakuna kilichokukaribia.

"Agawiwe kila mtu kipande," karani akaamua. "Lawama tutagawana vilevile."

Daktari akafuma bega, dereva akashuka hadi kiwiko, kinyozi akakipita kiwiko, karani akamalizia kwenye kifundo. Walipolileta, lile sweta lilikuwa na mkono mmoja uliofumwa na mtu na mwingine uliofumwa na kamati. Begani pamebana, chini yake pamefura, kisha panatulia tena. Binti yako mdogo akasema unafanana na nyoka aliyemeza kuku. Dereva akajitetea kwamba hiyo ni nafasi ya kupumulia.

Nikalivaa mbele yao. Wa kushoto ukaishia kwenye kifundo, mahali pake hasa. Wa kulia, ulioufuma wewe, ukanifunika vidole vyote.

Karani akakohoa. "Huo wa kulia tuliuona umezidi, shemeji. Tukasema ni maradhi, hesabu zilimchanganya maskini. Tukaona huu tuusahihishe."

Nilikaa kwanza, kama ulivyonifundisha.

Halafu nikawaonyesha. Nikavuta mkono wa kulia mpaka kwenye kiganja, nikachukua kikombe cha chai ya moto, nikakishika kwa ile sufu. Tangu unioe ninashika chai hivyo hivyo. Dawa za kufulia zinanipasua mikono, na baridi ikiingia kwenye ile mipasuko hakuna mafuta yanayosaidia. Kila sweta nililovaa nililivuta likafa mikono, na kila mara ulinigombeza: "Unaharibu nguo za watu." Hukuniambia hata siku moja kwamba ulikuwa unapima. Ulinipimia mkono na tabia yake. Hata ukiwa hoi kwenye kile kiti, Rula, hukukosea.

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tumemsahihisha Rula," dereva akasema. "Sisi wanne. Kwa pamoja."

"Na bila kumwita shahidi," kinyozi akamwambia karani.

Wakafumua ule mwisho wa mkono wa kushoto pale pale, wakarudisha vitanzi kwenye sindano, wakaanza kupokezana kuurefusha, kila mara wananishika mkono kupima. Walipofikia vidole, mama yako akaacha vitunguu vyake jikoni, akanawa mikono, akaja kuketi kwenye kiti chako. "Mimi ndiye niliyemwanzishia," akasema. "Nipeni." Siku hizi mikono yake inatetemeka, unajua. Ule mstari wa kufungia vitanzi ulichukua sehemu kubwa ya alasiri. Hakuna aliyejitolea kumsaidia, na hakuna aliyeondoka. Hata karani hakuhesabu.

Ninalivaa kila siku. Kwapani daktari amenibana, chini yake dereva anaingiza upepo, na wenzangu kule kwenye mashuka wameniuliza nimelipata vitani au vipi. Jioni nikirudi ninavuta mikono yote miwili, ninashika kikombe. Sufuria zinangoja. Ninazitazama kidogo, kisha ninainuka.

Kwa hiyo tunakupa habari, baba watoto. Sweta limeisha. Yule bwana wa geti la maua tumemtafutia fundi mwingine. Maua yametoka kama kabichi lakini hakulalamika. Huna tena kazi ya mtu huku. Uchovu wetu tutaubeba sisi wenyewe, tumeuzoea.

Jinyooshe sasa.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye ameomba uzi mwingine, mimi mkeo, mabinti zako wawili, mkubwa anayejibu wateja wako na mdogo asiyechunga ulimi, tunajua alikoutoa, kaka yako, ambaye bado anangoja geti ulilomwahidi bure, na wenzako wa chumba cha nyuma kwa kinyozi, ambao Jumamosi wanakuachia kiti chini ya kioo na kukizunguka kwa shida, kwa sababu chumba ni kidogo.

Tutakukumbuka daima, na zaidi kukiwa na baridi.