Kopo la Chumvi ya Presha

9 Januari 1996

Mwanangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ila miguu tu inanivutavuta, na masikio ni yaleyale. Miaka thelathini ya mashine za kung'arishia vyuma si mchezo. Ndiyo maana simu siitaki. Ukipiga nitaishia kusema "eeh, eeh" kama mtu aliyeelewa.

Kifurushi kimefika. Soksi zinanitosha, na lile kopo la chumvi ya watu wa presha nimelifungua siku ileile. Tangu daktari anikataze chumvi nilikuwa nakula kama ninayetafuna gazeti. Sasa natia kijiko kizima kwenye viazi, natia kwenye supu. Tangu mama yako atutoke nilikuwa simalizi sahani; juzi nimemaliza.

Karakana wameifunga. Beseni langu la maji ya nikeli, nililotumia kupaka vitasa ujana wangu wote, wamelipindua uani.

Baba yako

2 Februari 1996

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hiyo miguu inaendeleaje? Mimi mzima, kazi na baridi tu.

Maabara yetu iko chini ya hospitali, haina dirisha. Damu inaletwa kwenye vichupa vyenye majina. Wenye majina siwaoni. Naipa mashine, inasoma chumvi zilizomo. Kuna siku natoka kazini nagundua sijatamka neno tangu asubuhi, ila "asante" kwa mlinzi.

Uliwahi kuniuliza nasoma nini hasa humo. Unakumbuka beseni lako? Bamba la nikeli linalika upande huu, kitasa kinavaa nikeli upande ule, na katikati yale maji ya kijani yametulia tu. Kumbe yamejaa chembe za nikeli zenye chaji, zinavutwa na umeme. Hizo ndizo ioni. Chumvi nayo ikiyeyuka inaachana: sodiamu yenye chaji chanya huku, kloridi yenye chaji hasi kule. Mwilini sodiamu imejaa nje ya seli, potasiamu imejaa ndani, na moyo unapiga kwa sababu zinapishana mlangoni mwa seli. Kopo nililokutumia lina potasiamu badala ya sodiamu, ndiyo maana presha haipandi. Kula tu, Baba, usijinyime.

Mwanao, Chiriku

27 Februari 1996

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka yote nilijua beseni linafanya kazi, sikujua nani anafanya kazi ndani yake. Msimamizi wetu alisema "umeme unapaka", basi, tukaridhika.

Miguu imekuwa mizito. Jana nimepumzika mara mbili kutoka kitandani hadi jikoni. Moyo nao umeanza michezo: unapiga, unapiga, halafu unanyamaza kama umesahau. Labda ni zile figo. Sikukuambia? Mwaka juzi daktari alisema zimechoka, akanibadilishia vidonge vya presha. Niliona nisikutie mawazo, nawe uko peke yako.

Kopo linakaribia kuisha. Ukipata jingine usisite.

Baba yako

15 Machi 1996

Baba,

Barua imefika leo saa nne asubuhi. Acha hiyo chumvi. Itupe.

Figo ndizo zinazotoa potasiamu mwilini. Zikichoka inabaki kwenye damu, na hivyo vidonge huenda vinaizuia zaidi. Ikijaa nje ya seli moyo hauwezi kupiga sawasawa. Unaweza kusimama.

Nimempigia jirani yako muuza vipuri. Nikamwambia, "Mpeleke hospitali sasa hivi, na kopo mlibebe." Akasema, "Mzee? Jana nimemwona mlangoni, hajambo." Nikapiga kelele hadi wenzangu wakageuka: "Hajambo nini! Nenda!" Simu ikakatika.

Naandika kwa sababu sijui la kufanya na mikono. Kila siku nasoma namba ya potasiamu kwenye damu ya watu nisiowajua. Yako sikuiuliza.

Mwanao

4 Aprili 1996

Chiriku wangu,

Hujambo? Mimi nipo. Naandika kitandani, wodini, mkono umetobolewa kama chujio. Muuza vipuri alinikuta nimeanguka jikoni, akanipakia kwenye toroli la dukani. Mtu mzima nasukumwa barabarani kama gunia, watu wanatazama.

Potasiamu ilikuwa saba nukta nne. Nasikia haitakiwi kupita tano. Walinichoma kalisiamu kuulinda moyo, kisha insulini na sukari ili potasiamu irudi ndani ya seli. Moyo ulipotulia niliyahesabu mapigo yake, mwanangu. Nikalia.

Daktari akainua kopo, akauliza kwa sauti ya mnadani, "Mzee, nani alikupa hii?" Nikasema nimenunua mwenyewe. Akanigombeza mbele ya wodi nzima. Na wewe usije ukasema tofauti. Mimi ndiye niliyekuficha habari za figo.

Baba yako

9 Juni 1996

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Karani wa posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Niko nyumbani. Nachemsha viazi, namwaga maji, nachemsha tena, ndivyo walivyonifundisha, ili potasiamu itoke na maji. Havina ladha hata kidogo.

Kama umekasirika kwa kufichwa, una haki. Basi nigombeze. Kutosikia watu nimeshazoea. Huu ukimya wako siuwezi.

Baba yako

30 Juni 1996

Baba,

Sikukasirika. Kila nilipokaa na karatasi niliandika "Shikamoo Baba, u hali gani?" kalamu ikagoma. Nitakuulizaje hali mimi niliyeiharibu? Ingekuwa damu ya mtu nisiyemjua, kwa namba ile ningekimbia ngazi zote hadi wodini. Wewe nilikuambia kula tu. Nina karatasi kumi na moja hapa, zote zina mstari huo mmoja.

Mwambie daktari ni mimi niliyelituma kopo. Usinibebee hili.

Nimeomba likizo, wamenipa siku kumi. Nafika tarehe ishirini na moja Julai, kwa basi la mchana. Usihangaike kuja kituoni, njia naijua. Nimepita madukani mara mbili kutafuta cha kukuletea, nikatoka bila kununua. Nakuja mikono mitupu.

Shikamoo, Baba. U hali gani?

Mwanao